Manowari iliyozamishwa kusudi, na kina kinacholevya

MELI inapozama, kawaida huwa ni kilio. Lakini asubuhi ya Mei 17, 2006, katika Ghuba ya Mexico, kiasi cha kilomita 40 kusini mwa mji wa Pensacola, jimbo la Florida, Marekani, watu walikuwa wamejipanga mashuani, kamera mikononi, wakisubiri meli izame. Baadhi yao walikuwa mabaharia wastaafu waliowahi kuitumikia meli hiyo hiyo. Baruti yenye uzito wa kilo 230 hivi ililipuka tumboni mwake, moshi ukatanda, na polepole ikaanza kuzama kwa upande wa tezi. Dakika 37 baadaye omo nayo ilikuwa imetoweka, na kilichobaki ni povu juu ya maji.

Meli yenyewe ni USS Oriskany, manowari ya kubeba ndege za kivita. Urefu wake ni kama mita 270. Ukitaka kupata picha, unganisha viwanja viwili vya kandanda, kisha uongeze nusu kiwanja. Ilishushwa majini mjini New York mwaka 1945, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha, ikaanza kazi rasmi mwaka 1950, na ikashiriki vita vya Korea na vile vya Vietnam. Oktoba 26, 1966, ikiwa karibu na pwani ya Vietnam, fataki za magnesi za kumulikia usiku ziliwaka ndani ya stoo. Moto ukaenea na watu 44 wakafa, wengi wao si kwa kuungua bali kwa moshi na kukosa hewa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo ya Oktoba 26, rubani mmoja kijana aliruka kutoka sitaha yake na kutunguliwa mjini Hanoi. Aliitwa John McCain, ndiye yule seneta aliyeshindwa na Barack Obama katika uchaguzi wa mwaka 2008.

Oriskany ilistaafishwa mwaka 1976. Mwaka 1995 iliuzwa kama chuma kikuukuu, mnunuzi akashindwa na kazi, serikali ikaichukua tena miaka miwili baadaye. Meli kubwa isiyo na kazi ni mzigo kwa mwenyewe: lazima ilindwe, ifungwe gatini, ipakwe rangi, na kila mwaka kutu inazidi kula. Ndipo ilipoamuliwa igeuzwe mwamba bandia. Wakati huo ilikuwa meli kubwa kuliko zote zilizowahi kuzamishwa kwa nia hiyo.

Mbona mwamba? Sakafu ya bahari upande ule ni mchanga mtupu, tambarare, mithili ya jangwa. Samaki mdogo hana pa kujificha, na chaza hana pa kujishikiza. Angusha kitu kigumu hapo na mambo hubadilika. Kwanza huja mwani na sifongo, halafu kome na chaza hung'ang'ania chuma. Samaki wadogo hufuata chakula na maficho, na wakubwa huwafuata wadogo. Siku hizi Oriskany ina changu wekundu, chewa wakubwa, kolekole na mizia wanaozunguka mnara wake makundi kwa makundi. Mara moja moja hupita papa shilingi, yule jitu mpole mwenye madoadoa ambaye wavuvi wa Pwani yetu nao wanamfahamu.

Mkazi mwingine hakualikwa. Ni samaki-simba, mwenye milia myekundu na myeupe, mapezi yaliyotanda kama manyoya ya shingoni mwa simba, na miiba yenye sumu. Kwao ni Bahari Hindi na Pasifiki, na anayezamia Watamu au Diani humwona bila kushangaa. Huko Florida alionekana mara ya kwanza katika miaka ya 1980, yamkini akitoka katika matangi ya watu wanaofuga samaki wa mapambo. Kwa kuwa samaki wa huko hawakumjua, alikula na kuzaana bila kizuizi. Leo wapiga mbizi huhimizwa wamchome kwa mkuki, na wengi humpeleka moja kwa moja jikoni. Inasemekana nyama yake ni tamu.

MITA TATU ZA TUFANI

Sasa twende chini. Oriskany imekaa wima kwenye mchanga, mita 65 hivi kutoka juu ya maji. Ilipozama, ncha ya mnara wake ilikuwa karibu zaidi na jua, na sitaha ya kurukia ndege ilikuwa kiasi cha mita 41 chini ya maji. Mwaka 2008 tufani iliyoitwa Gustav ilipita katika ghuba hiyo. Mawimbi yake yaliutikisa mchanga kiasi kwamba meli hiyo nzito ilididimia mita tatu zaidi. Tangu hapo sitaha iko mita 44 hivi, na ncha ya mnara mita 25 hivi.

Mita tatu ni kitu gani? Nchi kavu, ni urefu wa dari ya nyumba. Lakini mashirika yanayofunza upigaji mbizi wa kujiburudisha yameweka mpaka wao kuwa mita 40. Mwenye cheti cha mwanzo hufundishwa kuishia mita 18. Akiendelea na masomo hufika 30, na kwa mafunzo maalumu ya kina kirefu hufika 40. Ukizidi hapo unaingia katika uzamiaji wa kiufundi, wenye mitungi mingi, mchanganyiko wa gesi tofauti, na vituo vya lazima wakati wa kupanda. Kwa hivyo mpiga mbizi wa kawaida ana ruhusa ya kuuzunguka mnara wa Oriskany, achungulie madirishani na kupiga picha. Sitaha yenyewe, ambayo ndiyo iliyompandisha ndege kutoka mbali, anaiona chini yake mita nne tu kutoka mahali alipoambiwa asimame.

Hakuna polisi kule chini. Mpaka huo si sheria ya serikali, ni kanuni ya mafunzo, na anayeuvuka huuvuka mwenyewe kwa kupiga mapezi yake mara tatu au nne. Wapo wanaoshuka, wakaigusa sitaha kwa kiganja, wakapanda salama na kujigamba mashuani. Tatizo ni kwamba wakati wa kuamua, kiungo kinachotakiwa kuamua, yaani ubongo, huwa hakiko timamu.

Elewa kwanza shinikizo la maji. Hapa tulipo, hewa inatulemea kwa uzito tuliouzoea tangu kuzaliwa. Ndani ya bahari, kila mita 10 huongeza uzito mwingine kama huo. Mita 10 ni mara mbili, mita 30 ni mara nne, mita 40 ni mara tano. Hewa inayotoka mtungini lazima iwe na nguvu sawa na maji yaliyokuzunguka, la sivyo kifua hakingeweza kutanuka. Maana yake ni kwamba kila pumzi unayovuta kwenye mita 40 imebeba hewa mara tano ya pumzi ya ufuoni.

Piga hesabu, hasa wewe mwanafunzi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa bari 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia, tuseme, hutumia lita 20 kwa dakika. Juu ya maji mtungi huo ungemtosha saa mbili. Kwenye mita 30 ni nusu saa. Kwenye mita 40 ni dakika 24, na hapo hujaweka akiba ya kupandia wala hujakumbana na mkondo wa kukufanya uhangaike. Anayehangaika huweza kutumia mara mbili ya hizo lita 20.

Na kabla hewa haijakwisha, kuna saa nyingine inayohesabu. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Chini ya shinikizo gesi hiyo huyeyuka ndani ya damu na mafuta ya mwili. Ukipanda polepole hutoka taratibu kupitia mapafu. Ukipanda haraka hutoka kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafla: mapovu katika damu, katika viungo, katika uti wa mgongo. Mtu huanza kulalamika bega au goti, na mambo yakizidi hupooza au hufa. Tiba ni kumrudisha katika shinikizo ndani ya chumba maalumu cha chuma, na kumtoa kidogo kidogo huku akivuta oksijeni. Ndiyo sababu majedwali ya wapiga mbizi humpa mtu kwenye mita 18 karibu saa nzima, kwenye mita 30 dakika 20 hivi, na kwenye mita 40 dakika tisa au kumi basi. Safari ya mashua yapata saa mbili, kwa dakika kumi!

Kisha kuna kule kulewa. Kuanzia mita 30 hivi nitrojeni huanza kuchezea akili kama pombe. Mmoja huona kila kitu kinachekesha. Mwingine hushikwa na hofu isiyo na sababu. Wengi hawahisi lolote, na hao ndio wa kuogopewa zaidi, maana mtu husoma kipimo cha hewa, akakielewa, na asifanye kitu. Anaangalia saa mara tatu bila kukumbuka ilisema nini. Dawa yake ni rahisi ajabu: panda mita chache na ulevi huisha bila hata maumivu ya kichwa. Lakini ni nani amewahi kumshawishi mlevi kwamba amelewa? Kwa sababu hiyo wakufunzi huwapa wanafunzi hesabu nyepesi za kuandika juu ya kibao, kwanza mashuani, halafu kwenye kina, ili kila mmoja ajionee mwenyewe jinsi alivyopungukiwa.

Wakenya tuliwahi kuliuliza swali la kina kwa uchungu. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni likiwa na mama na bintiye. Siku zilipita, ndugu na wananchi wakisimama ufuoni na kuuliza mbona wapiga mbizi wanakawia hivyo mahali panapoonekana kwa macho. Gari lilitolewa Oktoba 11. Lilikuwa mita 58 chini. Katika kina hicho shinikizo linakaribia mara saba ya la huku juu, maji ya mlango wa bandari ni kiza na yana mkondo, na anayevuta hewa ya kawaida hukaa dakika chache mno kabla ya kudaiwa muda mrefu wa kupanda. Si uvivu uliowachelewesha.

WATATU HAWAKUTOKA

Hatari ya meli iliyozama haiko katika kina peke yake. Kusini zaidi ya Florida, mbele ya Key Largo, kuna meli nyingine ya jeshi, Spiegel Grove, iliyozamishwa Mei 2002 kwenye maji ya mita 40 hivi. Hiyo ilianza kwa ukaidi: ilizama kabla ya wakati na kuangukia kichwa, omo ikichomoza juu ya maji, ikabidi walazwe ubavu kwa gharama nyingine. Miaka mitatu baadaye tufani Dennis iliisimamisha wima bila kumtoza mtu hata senti.

Machi 2007 wanaume wanne waliingia ndani ya meli hiyo, na watatu wao hawakutoka wakiwa hai. Hawakuwa wageni wa mchezo huo. Ndani ya meli kuna vyumba ndani ya vyumba, na juu ya kila sakafu kuna tope laini na kutu ya miaka. Pezi likigusa mara moja tu, vumbi hilo huinuka na taa ya mkononi haioneshi ila ukungu wa rangi ya chai. Juu si njia tena, maana juu ni dari. Waliosomea kazi hiyo hufunga kamba mlangoni na kuifungua nyuma yao kadiri wanavyoingia, ili warudi wakiifuata kwa vidole hata wakiwa gizani. Watatu hao hawakuwa wamefunga kamba ya kuwatoa.

Kabla ya kuzamishwa, meli kama hizi huondolewa mafuta, nyaya, milango na vitu vinavyoweza kumnasa mtu, na matundu hukatwa ubavuni ili mwanga uingie. Lakini Oriskany ina vyumba vingi mno, na chuma huendelea kuoza. Mahali palipokuwa salama mwaka jana huenda mwaka huu pameanguka.

Yapo pia malalamiko ya aina nyingine, na mimi siyapuuzi. Ndani ya nyaya na vifaa vya Oriskany iliachwa zaidi ya kilo 300 ya kemikali ziitwazo PCB, ambazo zilitumika zamani kuzuia moto na joto, na ambazo hujikusanya katika mafuta ya samaki. Wakuu wa mazingira wa Marekani walichunguza na kuidhinisha meli izamishwe hivyo hivyo. Katika miaka ya mwanzo baadhi ya samaki waliovuliwa hapo walipatikana na PCB kupita kiwango ambacho idara ya afya ya Florida iliona kinafaa, kisha baadaye vipimo vikashuka. Watetezi wa mazingira waliuliza swali ambalo hadi leo lina uzito: kwa nini chuma kizuri kitupwe baharini badala ya kuyeyushwa kikatumika tena? Wenye mahoteli na mashua za Pensacola, ambao hupokea wapiga mbizi kutoka kila pembe, wana jibu lao tayari.

HUKU KWETU

Msomaji asidhani mambo haya ni ya Wamarekani pekee. Mwaka 2002 meli kuukuu iitwayo MV Dania, ambayo ilikuwa ikisafirisha mifugo, ilizamishwa kusudi katika pwani ya kaskazini ya Mombasa baada ya kusafishwa. Imelala mahali ambapo sakafu ni mita 30 hivi, na sehemu zake za juu ni za kina kifupi zaidi. Ukiilinganisha na Oriskany ni mtoto, lakini kwa maoni yangu ilikaa mahali panapofaa kuliko dada yake mkubwa, kwa sababu mwenye mafunzo ya kati anaweza kuiona yote, kuanzia juu hadi mchangani, bila kuvuka mpaka wowote.

Kujifunza si jambo la wazungu wala la matajiri wakubwa tu, ingawa sitadanganya kwamba ni rahisi kwa mfuko. Kuna shule za mbizi Mombasa, Diani na Watamu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuanza, kwenye kina kifupi na chini ya uangalizi. Huanza kwa fomu ya afya, na mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo hutakiwa kumwona daktari kwanza. Kisha darasani, kisha kidimbwini, halafu baharini. Somo la kwanza kabisa ni kwamba usizuie pumzi kamwe unapopanda. Hewa iliyojaza mapafu kwenye mita 10 hudai nafasi mara mbili ufikapo juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Hayo yanaweza kutokea hata kwenye kidimbwi cha kuogelea.

Unaposhuka, rangi nazo hukuaga moja baada ya nyingine. Nyekundu hutangulia kwenda, ndani ya mita kumi za kwanza hivi, kiasi kwamba mpiga mbizi aliyejikata kidole kwenye kina huona damu yake ikitoka kijani. Washa taa na chuma cha kijivu kilicho mbele yako hugeuka bustani: sifongo za machungwa, waridi, zambarau. Unapopanda hutakiwi kupita mita tisa kwa dakika, na kwenye mita tano unasimama kwa dakika tatu, umeshika kamba, ukiangalia mapovu yako mwenyewe yakikupita.

Familia za Nairobi zina jambo moja la ziada ambalo watu wa Pensacola hawalijui. Baada ya kupiga mbizi, nitrojeni hubaki mwilini kwa saa nyingi, na kupanda mahali penye hewa nyepesi huweza kuitoa kwa mapovu hata ukiwa umekaa kitini. Ndiyo maana mpiga mbizi huambiwa asipande ndege kabla ya saa 12 kupita baada ya mbizi moja, na saa 18 ikiwa alizamia mara kadhaa. Nairobi nayo iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo anayeikwepa ndege na kupanda basi au gari moshi bado anapanda mlima, ila polepole. Kwa hiyo mkufunzi akikwambia siku ya mwisho ya likizo uiache mitungi na ukae ufuoni na watoto, usifikirie kwamba ameshirikiana na hoteli akuuzie chakula cha mchana kingine.